Sakafu ya Chumba cha Ndani

Nyumba yetu ipo Bagamoyo, mji mkongwe, katika mtaa ambao wageni huupita wakiwa wameinua simu kupiga picha milango. Ina kibao ukutani. Kibao kinasema nyumba hii imehifadhiwa, na mtu asibomoe, asijenge wala asibadili kitu bila ruhusa. Nimekisoma tangu nilipojua kusoma, na kwa miaka mingi nilikichukia. Nilikuwa nikisema waziwazi, na waliokaa barazani wakisikia, kwamba walioandika maneno yale hawalali humu, na hawajui adha ya kuamka na vumbi la chokaa kwenye shuka.

Aliijenga babu yake mama, mfanyabiashara wa sandarusi na nazi kavu, kabla Wajerumani hawajafika au ndiyo kwanza wanafika. Mama alikuwa na masimulizi mawili na hakuona haja ya kuchagua. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa iliyochomwa ufukweni, na unene wake ni mkono wangu mzima, kutoka begani mpaka kwenye ncha za vidole. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Mkoko haurefuki kupita kiasi chake, kwa hiyo vyumba vyetu vyote ni virefu na vyembamba; upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi. Wanaosema wazee wetu walipenda vyumba vyembamba wanawasingizia. Mti ndio ulioamua.

Ukiingia unaanza na baraza, kisha mlango wa nakshi, kisha daka, ukumbi mdogo wenye giza, kisha sebule. Nyuma ya sebule kuna chumba cha ndani, na nyuma yake ua. Chumba cha ndani hakina dirisha. Kuna kijana mmoja anayetembeza wageni aliyekuwa akiwaambia kwamba humo ndimo watumwa walimofungiwa. Siku moja nilimsikia nikiwa jikoni, nikatoka na mwiko mkononi. Nikamwambia mbele ya wageni wake kwamba humo ndimo nilimozaliwa mimi, na kaka yangu, na mama yetu kabla yetu. Akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo mama," nikaitikia, akawachukua wageni wake, na walipofika kwenye kona nikamsikia akiendelea na hadithi yake palepale alipoishia.

Sisemi nyumba hii haikuwa na watumwa. Sakafu ya ghorofani, mama alinisimulia, ilitwangwa na wanawake waliopanga safu na kupiga chokaa kwa magongo siku nyingi mfululizo, mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Nilimuuliza wanawake wale walilipwa nini. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Nikaelewa, na sikuuliza tena, jambo ambalo sasa naliona kuwa ni woga.

Lakini chumba cha ndani kilikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ndiyo inayonikosesha raha hadi leo. Ndimo tulimozaliwa, na ndimo tulimooshewa maiti wetu. Kwa sababu hiyo sakafu yake haikutwangwa kama zile nyingine. Ilikuwa ya udongo uliosiribwa chokaa nyembamba juu, ili inapotokea haja ichimbike. Akifa mtu wa nyumba, kitanda cha kamba kiliingizwa mle, godoro likatolewa, na chini ya kitanda kikachimbwa kishimo kirefu, urefu wa mtu, ambacho sisi tunakiita ufuo. Maji ya kumwoshea yalipita kwenye kamba yakaingia ufuoni, ardhi ikayanywa. Hakuna aliyeyakanyaga, hakuna aliyeyaona yakienda. Baadaye ufuo ulifukiwa na kusiribwa upya.

Bibi yangu alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikatazwa kuingia, nikasimama nyuma ya pazia. Sikuona kitu, ila nilisikia maji. Yalikuwa yakimwagwa taratibu, na kila yalipomwagwa kulikuwa na sauti fupi chini, halafu kimya. Harufu ya karafuu maiti ilitoka hadi sebuleni. Wiki chache baadaye nilimkuta mama amepiga magoti mle ndani, ana jiwe laini mkononi, analainisha chokaa mpya juu ya ufuo wa mama yake. Hakuwa analia. Alikuwa anafanya kazi vizuri, kama alivyofanya kila kazi.

Chokaa mpya haifanani na ya zamani hata ungefanya nini. Ukisimama mlangoni na taa ungeona mabaka marefu sakafuni, mengine yamekolea, mengine yamefifia. Mama alikuwa anayajua yote. La bibi lilikuwa karibu na ukuta wa mashariki. La baba lilikuwa katikati. Kulikuwa na dogo moja, la mdogo wetu aliyeishi siku tisa. Sisi watoto tulikuwa tukiyaruka tunapopita kwenda uani, na hakuna aliyetufundisha kuyaruka.

Mimi nilisoma ualimu, nikapangiwa kazi Dar es Salaam, nikaolewa, nikakaa huko. Kaka ndiye aliyebaki na nyumba. Ana duka la vitambaa Dunda, hapo hapo Bagamoyo, na yeye na mkewe wanakaa ghorofani. Mama alikaa chini, akilala chumba cha ndani kwa sababu ndicho chenye ubaridi. Nilikuwa nakuja kila baada ya wiki mbili, na kila nilipokuja nilikuta kitu cha kugombana nacho. Mara nyingi nilikuwa nagombana na sakafu.

Mama alikuwa ameanza kutembelea gongo. Gongo lilitoboa chokaa, chokaa ikamomonyoka, yakawa mashimo. Miguu yake ikawa inapauka vumbi. Alikuwa na kifua, na nilijisemea kwamba kifua kile kinatokana na sakafu. Nilimwambia kaka atengeneze. Akajibu kwamba bwana wa mambo ya kale, yule ofisa anayekuja kupima nyufa, amekataza saruji, na mafundi wa chokaa wa kweli wamebaki wachache. Nilimjibu kaka maneno ambayo sitayaandika hapa. Kwa ufupi nilimwambia kwamba anamwogopa ofisa kuliko anavyomwonea mama yake huruma.

Basi mama alipokuja kwangu Dar kutolewa mtoto wa jicho, akakaa wiki tatu, mimi nikaona nafasi yangu ndiyo hiyo. Nilimtafuta fundi wa huku huku mjini, kijana hodari, nikampeleka Bagamoyo. Kaka alisimama barazani, mikono nyuma. Fundi akashindilia kokoto, akamwaga zege, na juu yake akaweka marumaru nyeupe zenye maua ya buluu pembeni. Nilizichagua mwenyewe. Kwa siku ile nilijiona binti mwema kuliko mabinti wote wa Bagamoyo.

Itaonekana ajabu kwamba sikukumbuka. Nimejiuliza mara nyingi, na jibu langu halinipendezi: nilikumbuka. Fundi alipoanza kushindilia kokoto pale karibu na ukuta wa mashariki niliikumbuka ile sauti ya maji. Lakini siku hizi watu wengi wanaoshewa hospitali, au msikitini kwenye chumba chenye bomba na mfereji, nikajiambia mambo ya ufuo yamepitwa na wakati. Nilikuwa nafikiria miguu ya mama. Sikufikiria mwili wake.

Tulimrudisha mama siku ya Jumamosi, jicho limepona, anaona mpaka nyuzi za kanga yake. Nilimshika mkono tukapita daka, tukapita sebule, nikafungua mlango wa chumba cha ndani na kuwasha taa. Marumaru ziling'aa. Mama alivua ndara zake kizingitini, akasimama hapo hapo, hakuingia. Alitazama sakafu kutoka ukutani hadi ukutani, pole pole, kama anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Mtanioshea wapi?" akauliza.

Nikacheka. Nasema kweli yangu, nilicheka. "Mama, mbona unawahi?" nikamwambia.

Kaka alikuwa nyuma yetu, akageuka akatoka nje. Mama akavaa ndara zake, akarudi sebuleni, akakaa, akaomba maji ya kunywa. Kuanzia siku ile hakulala tena chumba cha ndani. Kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, ambako mlango ukiwa wazi wageni wenye simu wanachungulia mpaka ndani. Nilipomuuliza sababu alisema kule kunateleza.

Hakuwa mtu wa kugomba. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, maana ugomvi ninauweza. Alikuwa ananiombea dua ninapoondoka kama zamani, ananifungia vitumbua nipeleke nyumbani, anauliza habari za binti yangu. Lakini nilikuwa nikimwona anatazama ule mlango uliofungwa, na ninajua alikuwa akijaribu kukumbuka mabaka yalipo. Mara moja nilimsikia anamwelekeza mke wa kaka, kwa kidole, hewani, kwamba la bibi lilikuwa hapa, la marehemu mzee hapa, la mtoto hapa.

Mwaka uliofuata kuta zikaanza kuumuka. Kwanza ilikuwa unga mweupe kama chumvi, sentimita chache juu ya marumaru. Kisha chokaa ya ukutani ikatoka mabamba. Masika yalipopita, unyevu ulikuwa umefika kiunoni, na ukuta wa mashariki, ukiugusa, ulikuwa wa baridi na unalegea. Kaka akanipigia simu. Akaniambia amemwita yule ofisa, na kwamba mimi nije niseme mwenyewe nilichofanya.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kugombana. Ofisa alikuwa mtu mzima, mpole, suruali imechakaa magotini. Alimwamkia mama kwanza, akauliza hali yake, akakaa kidogo kwa adabu, ndipo akaingia chumba cha ndani. Alipiga magoti, akagonga marumaru kwa fundo la kidole. Akanieleza bila ukali kwamba ardhi ya hapa haikauki, kwamba maji yaliyo chini yake yalikuwa yakipumua kupitia ile sakafu ya udongo, na sasa yamezibiwa njia, kwa hiyo yanapanda ukutani. Matumbawe yananywa maji na chumvi yake, yanalika kwa ndani. Akasema zege litolewe, ila kwa patasi na nyundo ndogo, kidogo kidogo, kwa sababu ukuta umeshalegea na hautastahimili kishindo. Aliandika kwenye daftari lake. Hakunishtaki popote, nami ningependa angenishtaki.

Mama alikuwa amesikia yote kutoka sebuleni. Ofisa alipoondoka akaniita. "Basi toeni, mwanangu," akasema. "Si kwa ajili ya nyumba tu."

Nikamwambia tutatoa, inshallah.

Sikutoa. Nitaeleza, ingawa maelezo hayatasaidia. Kila nilipotaka kumwita fundi niliona picha moja: mimi nasimamia kuchimbwa kwa sakafu ile, mama yangu yu hai, anasikiliza nyundo kutoka chumba cha pili. Niliona ni sawa na kumchimbia. Nikasema tusubiri Ramadhani ipite. Ramadhani ikapita, nikasema tusubiri vuli. Vuli ikaisha, binti yangu akawa na mtihani wa chuo, nikasema tusubiri mtihani. Mama aliniuliza mara mbili, kwa upole, kama mtu anayeuliza kama basi limeshapita. Mara ya tatu hakuuliza.

Alifariki siku ya Alhamisi asubuhi, baada ya chai. Mke wa kaka aliniambia alikuwa ameketi, akasema anahisi usingizi, akajilaza. Nilipopigiwa simu nilikuwa darasani. Nilifika Bagamoyo adhuhuri, na baraza ilikuwa imejaa wanaume wa mtaa, na ndani wanawake. Mazishi yalipangwa baada ya alasiri.

Kaka alinipeleka pembeni, karibu na ngazi. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imetulia. Akaniambia mama aliacha wasia kwa mkewe, kwamba asitolewe nje ya chumba kile. Uani haikuwezekana hata hivyo. Nyumba ya pili imegeuzwa ya kulala wageni, na roshani yake inatazama uani kwetu moja kwa moja. Bafu ni jembamba, kitanda hakiingii. Kumpeleka msikitini ni kuvunja wasia.

"Vunjeni zege," nikasema.

Akaitwa jirani mmoja fundi, akaja na nyundo kubwa, kwa sababu patasi isingemaliza hata jioni. Mwili wa mama ulikuwa sebuleni umefunikwa shuka. Sisi wanawake tulikaa tumeuzunguka, tukisoma. Nyundo ikapigwa mara ya kwanza, na ile shuka ikatikisika. Ikapigwa mara ya pili. Ya tatu ilipopigwa tulisikia kitu kinaporomoka, fundi akatoka mbio akiwa mweupe kichwani na mabegani. Kipande cha ukuta wa mashariki, ukubwa wa mlango, kilikuwa kimemwagika chini, na mawe ya ndani yalikuwa yameachwa wazi, mabichi. Juu yake boriti ziliingia kwenye ukuta ule ule, na pigo jingine lingeweza kuangusha dari.

Mwosha, mwanamke wa makamo ambaye, akiwa msichana anayejifunza kazi hiyo, alishiriki kumwosha hata bibi yangu, akanyanyuka, akaenda kuchungulia, akarudi. "Acheni," akasema. "Tutamwosha hivyo hivyo, upande wa mlangoni."

Tukafagia vifusi kando. Kitanda kikaingizwa, mama akalazwa. Chini yake tuliweka makarai matatu. Mimi nilishika kata ya maji, kwa kuwa mimi ndiye binti. Nilianza kumwaga upande wa kulia kama mwosha alivyonielekeza, pole pole, na nilikuwa nasikiliza ile sauti ya utotoni, ile fupi ambayo baada yake kuna kimya. Haikuja. Maji yalipiga makarai kwa kelele, yakarukia marumaru. Makarai yalijaa kabla hatujafika nusu. Tulipoyaondoa kuyamwaga, maji mengine yakaendelea kudondoka, yakatambaa sakafuni yakifuata mteremko ambao fundi wangu hodari aliuacha, kuelekea sebuleni.

Yalipita chini ya mlango. Yalipita sebuleni walipokaa wanawake, nikawasikia wanainuka na kukunja mikeka. Yalifika dakani. Mtu mmoja huko nje, kwa sauti ya chini, alisema jamani inueni miguu, na nikajua yamefika kizingiti cha baraza, na kwamba wanaume wanashika kanzu zao zisilowe maji ya kumwoshea mama yangu.

Nikampa mke wa kaka kata. Nikavua kanga yangu ya juu, nikapiga magoti, nikaanza kukausha. Nilikausha kutoka kitandani hadi mlangoni, nikikamua ndani ya ndoo, kutoka mlangoni hadi dakani. Nililia kwa sauti, na walioniona walidhani nalilia kifo. Kaka alikuja akachukua ndoo mikononi mwangu bila kunitazama, akaenda nayo uani, akachimba shimo kwa jembe chini ya mti, akamwaga humo, akarudi kuchukua nyingine. Tulifanya hivyo mpaka mwosha alipomaliza.

Baada ya arobaini nilimpigia yule ofisa mwenyewe. Akaja na fundi wa chokaa kutoka Pangani, wakaegemeza boriti kwa nguzo, wakatuonyesha namna ya kutumia patasi. Tangu hapo ninakuja kila Jumamosi. Ukuta umejazwa mawe upya, na zege limetoka vipande vipande, saizi ya sahani. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, umeoza kidogo, na mabaka hayakuwepo. Nilitafuta la bibi kwa taa, nikatafuta la baba na lile dogo. Kokoto zilikuwa zimesaga kila kitu. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akijua, na yeye hana baka.

Jumamosi iliyopita tulisiriba. Binti yangu alikuja kunisaidia, kwa mara ya kwanza, amevaa suruali yake ya kazi na amejifunga kitambaa kichwani. Nilimwambia fundi apake chokaa chumba kizima ila aache nafasi moja, kando ya ukuta wa mashariki, udongo mtupu, iliyopondwa taratibu tu ili isishikamane sana. Fundi akauliza urefu gani. Nikajilaza chini mbele yao, nikamwambia apime.

Binti yangu akacheka. "Mama, mbona unawahi?" akaniambia.

Niliinuka, nikakung'uta udongo mgongoni. Nikampa jiwe la kulainishia, lile la bibi yake, nikamwonyesha namna ya kulishika, na nikamwambia aangalie vizuri mahali penyewe ni wapi.